Mdomo wa Namba Tisa

Vijana wangu, juzi nilipita kwenye banda la mpira hapa Nyamiaga nikawakuta mmejazana mbele ya televisheni. Mechi haijaanza, na tayari mlikuwa mmempata mtu wa kumtukana. Mchezaji mmoja, aliyezaliwa nchi hii na kuchezea ile, alisimama kwenye mstari wimbo wa taifa ukipigwa, mdomo kaufunga. Mkasema msaliti huyo. Mkasema kafuata ugali. Wawili kati yenu nawafahamu tangu mnanyonya, na sijawahi kuwasikia mkifika mwisho wa wimbo wenu wenyewe bila kumsubiri jirani aanze mstari. Nikaenda zangu. Lakini shughuli hiyo ya kuchungulia midomo ya watu naifahamu vizuri, maana nilikuwepo ilipofanyika kwa bidii kubwa, na kazi yangu ilikuwa upande ambao televisheni haiuoneshi: upande wa wanaopuliza.

Nilikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya wilaya. Jina kubwa kuliko bendi. Tulikuwa watu saba, na vyombo tulivirithi misheni. Vilipochoka kumtukuza Mungu vikapewa serikali. Tulihudumia Ngara, na wenzetu wa Biharamulo wakiwa na sherehe tulipakiwa kwenye lori pamoja na magunia ya maharage, maharage yakikaa mbele kwa sababu yana thamani.

Aliyenifundisha ni Mzee Bandiho, ambaye alipuliza tarumbeta katika jeshi la mkoloni. Mzee huyo alikuwa amepiga wimbo wa mfalme wa Waingereza miaka na miaka, kisha uhuru ukaja, akapiga wa kwetu kwa tarumbeta lilelile. Nilimuuliza siku moja alijisikiaje kubadilisha.

“Midomo iliniuma vilevile,” alisema, akaendelea kusafisha kijiko cha tarumbeta, kile kipande cha kuwekea midomo.

Alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta shuleni. Asubuhi za Ngara zina baridi, na shaba ikipoa inashusha sauti; kwa hiyo kijiko unakiweka kwapani tangu nyumbani, hata kama mkeo anakucheka. Usile karanga siku ya sherehe. Valvu zikikwama, mafuta ya cherehani yanatosha. Na usiwafuate wachezaji, maana mchezaji mwenye woga huimba haraka. Ukimfuata, wimbo wa taifa unageuka mchakamchaka.

Miaka ile ya ujamaa kazi ilikuwa nyingi. Kijiji kikifunguliwa, tunapiga. Ghala likifunguliwa, tunapiga, hata kama ndani hamna kitu zaidi ya panya aliyewahi nafasi. Siku moja tulipiga nyimbo za furaha mbele ya familia iliyokaa juu ya kitanda chake kando ya barabara, imehamishwa kutoka kwenye migomba yake, na mama wa nyumba analia. Afisa utamaduni akatuambia yule mama analia kwa furaha, tuongeze sauti. Tukaongeza.

Huyu afisa utamaduni ndiye mtu wa pili mnayepaswa kumjua katika habari hii. Jina simtaji, ana wajukuu. Alizaliwa pwani, na ndizi za kupika alizigundua akiwa kwetu, akadhani tumekosea mapishi. Aliletwa atufundishe utamaduni wetu. Sisi Wahangaza wa Ngara na Warundi lugha zetu ni karibu moja; tukisalimiana asubuhi, mgeni hawezi kujua nani katoka ng’ambo ipi ya mto Ruvubu. Mpaka waliuchora watu ambao hawakuja kusikiliza. Lakini yeye alikuwa na uwezo wa kutambua raia halisi kwa kumtazama tu, na hakuwahi kukosea, kwa sababu hakuna aliyemsahihisha.

Basi afisa akaja na habari kwamba kutakuwa na mechi ya ujirani mwema. Kombaini yetu ya Ngara na Biharamulo itacheza na timu ya wenzetu wa Burundi, na nyimbo za mataifa mawili zitapigwa.

“Wa kwetu mnao,” aliniambia. “Wa kwao mtautafuta, Ndugu. Bendi ni bendi.”

Noti hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho ni redio ya mpiga ngoma wetu, Kagoma, ambayo ilishika Bujumbura kila ukiielekeza kwenye kabati la vyombo. Kila mchana kabla watangazaji hawajaanza kusema, ulipigwa wimbo mmoja mzito, wa heshima, unaokufanya utake kuvua kofia. Tukakubaliana kwamba ndio wenyewe. Tukaujifunza kipande kwa kipande, na nawaambia ukweli, tuliupiga vizuri sana.

Tukiwa kwenye mazoezi, alikuja kijana kuchukua jezi yake. Jezi za kombaini zilitunzwa stoo moja na matarumbeta. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa shikamoo, tukamwitikia marahaba.

“Wazee wangu, samahani,” alisema. “Huo wimbo mnampigia nani?”

“Wageni wetu. Ni wimbo wao wa taifa.”

Aliinamisha kichwa kidogo, akijizuia kucheka. “Huo unapigwa kabla ya matangazo ya vifo.”

Kagoma aliizima redio, kama vile redio ndiyo iliyotudanganya.

Kijana huyo aliitwa Melkiori, namba tisa wa kombaini, ambaye tulimchukua kutoka timu ya kijiji cha Runazi huko Biharamulo. Alizaliwa ng’ambo, Burundi. Mama yake alikuwa wa huku. Mwaka ule wa mauaji kwao alivuka Ruvubu na mama yake, wakapokelewa na mjomba wake, na vijiji vya ujamaa vilipoanza wakapewa shamba Runazi. Alilima mihogo na mahindi kama wengine, alioa huko, na jioni alifunga magoli. Alikuwa na mguu wa kulia ambao mabeki walikuwa wanautolea taarifa kwa walimu wao kabla ya mechi.

“Unaujua wenyewe?” nilimuuliza.

“Niliuimba kila asubuhi shuleni, miaka sita.”

Tukampa kiti. Akawa anaimba kwa kuguna, mimi nikitafuta sauti kwenye tarumbeta, wenzangu wakinifuata. Tulikwenda vizuri hadi karibu na katikati, pale wimbo unapopanda. Hapo akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikamrudishia kipande cha nyuma ili akumbuke. Akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kunolea majembe.

Nilimwacha. Baadaye nikamfuata na kikombe cha maji.

“Hapo ndipo mwalimu wetu alikuwa anapiga fimbo mezani, kwa sababu tulikuwa tunapanda vibaya,” alisema. “Walikuja na lori wakamchukua akiwa na chaki mkononi. Baba yangu walikuwa wameshampakia, alikuwa amekaa nyuma.”

Alikunywa maji, akanirudishia kikombe.

“Mzee, tuendelee,” alisema. “Mnapanda vibaya na nyinyi.”

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka kwenye migomba. Wageni walikuja na basi, wamechana nywele, wana soksi zinazofanana, jambo lililowaudhi sana watu wetu. Tukapiga wimbo wao kwanza, kama adabu inavyotaka. Wageni wenyewe walishtuka, hawakutegemea tungeupatia, na wachezaji wao wawili watatu wakatabasamu. Halafu nikaona kitu pembeni ya jicho. Kwenye mstari wa kombaini yetu, katikati ya wachezaji waliokuwa wamefunga midomo kwa heshima, Melkiori alikuwa anaimba. Hakuwa anaguna. Aliimba kwa sauti, shingo imemkaza, na ilipofika pale pa kupanda alipanda sawasawa.

Wimbo wetu ulipopigwa, wenzake wote wakaimba. Yeye akasimama wima kama mlingoti, mikono mapajani, mdomo ameufunga.

Mechi ilikwisha moja bila. Bao alifunga Melkiori, kwa ule mguu wa kulia, dhidi ya nchi aliyozaliwa, na baada ya kufunga hakushangilia. Alirudi katikati akiwa amekunja uso kama mtu aliyevunja sahani ya jirani. Watu wetu walimbeba mabegani. Mimi nilidhani habari imeishia hapo. Nilikuwa kijana.

Kesho yake niliitwa ofisini. Ndani walikuwepo afisa utamaduni, katibu wake mwenye miwani, na Melkiori kwenye benchi.

“Ndugu,” afisa aliniambia, “wewe ulisimama ukitazamana na wachezaji. Tunahitaji maelezo yako ya kitaalamu. Wakati wa wimbo wetu, mdomo wa huyu ulifunguka kiasi gani?”

“Ndugu Afisa, mimi nilikuwa napuliza. Mtu anayepuliza haoni mbali na pua yake.”

“Lakini wa kwao ulimwona akiuimba.”

“Wa kwao nilimsikia. Uwanja mzima ulimsikia.”

“Umeona,” alimwambia katibu, ambaye aliandika kwa bidii. Kisha akamgeukia Melkiori. “Haya, tueleze. Wimbo wa waliokufukuza unaimba. Wimbo wa waliokupokea unanyamaza. Hiyo ndiyo shukrani?”

Melkiori alijibu taratibu, Kiswahili chake cha shule, kila neno mahali pake. “Ndugu Afisa, ule niliimba na wanafunzi wenzangu. Wengi wao hawapo. Nilipousikia nikaimba nao. Sikuwaimbia wale waliokuja na basi.”

“Na wetu?”

“Wetu ulinikataza wewe.”

Katibu alisimamisha kalamu.

“Mimi?”

“Ulipokuja Runazi kutuandikisha. Uliniambia, ‘Wewe bado ni mgeni. Wimbo huu ni wa raia. Wewe simama tu, heshima inatosha.’ Nikasimama.”

Sasa, mtu mwingine hapo angecheka, tukanywa chai, ikaisha. Afisa wetu hakupandishwa cheo mara mbili kwa kucheka. Alifikiri kidogo, akasema alichomaanisha ni kwamba mgeni asidai kuuimba, hakumaanisha asiuimbe. Mimi mpaka leo naitafuta tofauti.

Nikajaribu kusaidia. Nikasema, “Ndugu Afisa, bao lililotupa ushindi ni la kwake.”

“Bao ni la miguu,” alisema. “Uzalendo ni wa mdomo.”

Ikaamuliwa asichezee kombaini mpaka suala la uraia wake liishe, na suala hilo, kama mnavyojua masuala, halikuwa na haraka. Akatakiwa arudi Runazi na awe anaripoti kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa jirani yake, walikuwa wanalima pamoja, kwa hiyo kila akitaka kuripoti alinyoosha mgongo tu.

Nilimsindikiza mpaka njia ya Biharamulo, akasubiri lori. Alikuwa ameshika viatu vyake vya mpira kwa kamba.

“Jana baada ya mechi,” alisema, “kiongozi wa wale wageni alinivuta pembeni. Akaniuliza, wewe uliyetukimbia, una haki gani ya kuimba wimbo wetu? Leo nyinyi mnaniuliza kwa nini sikuimba wenu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za lile bao.”

“Lilikuwa bao zuri,” nikasema.

“Asante, Mzee. Nililiona mapema, kipa alikuwa amesogea kushoto.” Na hapo ndipo aliponieleza bao lote, tangu pasi ya kwanza, akichora vumbini kwa kijiti, mpaka lori likaja.

Msimu uliofuata kombaini ilifungwa na kila aliyependa kuifunga. Namba tisa mpya aliimba wimbo wa taifa vizuri sana, macho kayafumba, sauti ya pili. Mlingoti wa goli hakuujua uko upande gani.

Kisha vita ikaja. Majeshi ya Uganda yaliingia kaskazini ya mto Kagera, na mkoa mzima ukaamka. Afisa yule niliyemzoea akipima midomo alibadilika kabisa. Sasa alihitaji miguu. Mgambo waliandikishwa kwa haraka na hakuna aliyeambiwa afungue kinywa. Bendi tulipelekwa Biharamulo kuwaaga vijana wanaoondoka kwenda mbele. Nilikuwa napanga watu wangu kando ya malori nilipomwona Melkiori kwenye foleni, amebeba blanketi.

Nikamwendea. “Umeitwa wewe?”

“Sijaitwa. Nimekuja.”

“Na uraia wako?”

“Bado wanautafuta. Nimewaacha waendelee.”

Nikamwambia awe na akili, mkewe Anjelina ana mimba, mtu ambaye wamemkataza hata kucheza mpira hana deni la kwenda kufa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

“Mzee, mimi nimeshakimbia mara moja,” alisema. “Nilimbeba mama mgongoni kwenye maji. Hawa wakishuka hadi Runazi, Anjelina nitampeleka wapi? Kuvuka mito nako kuna mwisho wake. Acha niende nikawasimamishe huko huko.”

Tulipiga malori yakiondoka. Vijana wengine wanaimba, wengine wanalia, wengine wanatania. Yeye alikuwa nyuma ya lori la tatu na sikumtazama mdomo. Nilitazama blanketi lake mpaka vumbi likalifunika.

Anjelina alijifungua mtoto wa kike vita ikiendelea. Nilisikia kwa watu waliotoka gulio la Runazi. Habari za baba hazikuwepo, na kwa miezi mingi nilikuwa nikipiga kwenye mazishi na kila nikifika nauliza kwanza jina la marehemu kabla sijatoa tarumbeta kwenye mfuko.

Alirudi baada ya ushindi. Alikuwa amekanyaga kitu huko mbele, yeye hakupenda kukisema, na goti la kulia lilikuwa halikunjiki wala halikunjuki. Mguu ulikuwepo, hospitali walifanya walichoweza, lakini ulikuwa umebaki wa kuonesha. Alitembea na fimbo ya mti wa mzambarau aliyochongewa na mjomba wake.

Na nani aliyemkumbuka wa kwanza? Afisa utamaduni. Aligundua ghafla kwamba wilaya zetu zilitoa shujaa, na kwamba yeye ndiye aliyemlea kimichezo. Akaandaa mechi nyingine ya ujirani mwema na walewale wa Burundi, na Melkiori akawekewa kiti mstari wa mbele, karibu na mgeni rasmi. Afisa alishika kipaza sauti akamtambulisha kuwa mwana halisi wa ardhi hii. Uraia, uliokuwa umepotea miaka yote, ukapatikana siku hiyo kwenye kipaza sauti. Melkiori alinyanyua mkono kidogo, akashusha.

Tukapiga wimbo wa wageni. Watu wote wakasimama, na yeye akajikongoja akasimama, bila kufungua mdomo. Sikuwa napuliza mstari wa kwanza, nilimwachia mwenzangu, kwa hiyo safari hii nilimwona vizuri. Pale pa kupanda alitazama chini.

Ukafuata wa kwetu. Sasa, kuna sheria moja kwenye kazi hii ambayo iko juu ya zote, na Mzee Bandiho aliisema akiwa kitandani anaumwa: wimbo wa taifa haukatwi. Mvua inyeshe, mgeni rasmi azimie, nyuki waingie kwenye tromboni, utafika mwisho. Tulianza ubeti wa kwanza, mzuri, mzito. Melkiori alikuwa bado amesimama. Fimbo ilimponyoka ikaanguka, na kuinama kuiokota hawezi. Akabaki kwa mguu mmoja, mkono ameushika mgongo wa kiti, na ule mguu wa kulia ukaanza kutetemeka kuanzia gotini hadi kwenye kiatu. Jasho lilimshuka kidevuni. Afisa alikuwa pembeni yake, hajaona fimbo, hajaona mguu. Alikuwa amegeuza shingo anamtazama mdomoni.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ulikuwa mzima, unatungoja. Nikainua mkono juu na kufunga ngumi. Bendi ikanyamaza. Kagoma alipiga ngoma moja zaidi ya haja, peke yake, uwanja mzima ukamgeukia.

Adhabu yangu nawapa hapa hapa kwa sababu ni fupi: nilivuliwa uongozi wa bendi msimu mzima, nikapewa kufundisha kwaya ya akina mama wa kijiji, ambao waliimba vizuri kuliko bendi na walikuwa wanakuja na chakula.

Lakini pale uwanjani afisa alinijia mbio, suti ya kaunda imembana. “Umekata wimbo wa taifa.”

“Pumzi, Ndugu Afisa. Umri.”

“Umri gani? Hata mvi huna.”

Hakusubiri jibu. Alirudi kwa Melkiori, ambaye alikuwa ameshakaa, mguu ameunyoosha mbele, anapangusa jasho kwa mkono wa shati. Nikawafuata, nikaokota ile fimbo.

“Na wewe,” afisa alimwambia kwa sauti ya chini, maana mgeni rasmi alikuwa karibu, “leo ni raia, nimekutangaza mwenyewe. Mbona hukuimba?”

Melkiori alimtazama bila hasira yoyote.

“Nilikuwa nasimama, Ndugu Afisa,” alisema. “Yote mawili kwa pamoja siyawezi.”

Refa akapuliza filimbi. Melkiori akapokea fimbo kutoka mkononi mwangu, akaiegemeza kwenye kiti, akasogea mbele kidogo kutazama mpira, kwa sababu namba tisa wetu alikuwa ameshaanza kukimbilia mahali pasipohusika.